Ndiva, Mtambo wa Usiku

Abiria wa basi la Arusha anapofika Same huona mambo mawili yasiyopatana: milimani ukungu, barabarani vumbi. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda Upare kwa upande wa mashariki, na huko Gonja na Mamba ndiko zinakomwaga sehemu kubwa ya mvua yake. Zikivuka mgongo wa milima, Same, Makanya na Hedaru hubakiwa na kidogo. Lakini msitu unaozunguka kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, hulisha vijito vinavyoshuka pande zote mbili. Kwa hiyo tatizo la mkulima wa magharibi ni kuyafikisha maji shambani kabla ardhi haijayameza njiani.

Kazi hiyo ndiyo ya ndiva. Ni bwawa dogo lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo wa mfinyanzi, likiwa na tundu lenye kizibo chini ya ukuta. Mfereji huleta maji kutoka kijitoni usiku kucha, na asubuhi kizibo hutolewa. Wageni wengi hudhani ni akiba ya kiangazi. Sivyo. Ndiva iliyojaa alfajiri huwa tupu kabla ya jua kutua, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kijito kinatoa lita 3 kwa sekunde, na mfereji wa udongo unapoteza lita 2 kwa sekunde katika kila kilomita. Shamba likiwa umbali wa kilomita moja na nusu, halifikiwi na tone. Sasa maji hayohayo yakusanye kwa saa 12: unapata lita 129,600. Yafungulie kwa saa nne, nayo yatatoka kwa kasi ya lita 9 kwa sekunde, achilia mbali yale yanayoendelea kuingia. Ukitoa 3 za njiani, shambani zinafika 6 au zaidi. Hakuna aliyeongeza maji. Kilichoongezeka ni nguvu ya kusafiri. Tangi lililo juu ya mnara shuleni hufanya kazi ya namna hiyo: bomba jembamba hulijaza usiku ili alfajiri bweni zima lifungue koki kwa pamoja.

Ndiyo maana mahali pa kujenga hapachaguliwi ovyo. Ndiva lazima iwe chini ya kijito na juu ya mashamba yote. Kijiji cha Bangalala, chenye ndiva ya Manoo, kiko hasa kwenye mteremko wa namna hiyo, kati ya Vudee iliyo juu na Makanya iliyo tambarare. Maji yakifunguliwa, mwenye zamu huwa tayari ameshika jembe. Huyapindisha kwa bonge la udongo na majani, mfereji wa jirani ukafungwa, wake ukafunguka. Ndiva isiyozolewa tope hupungua kina mwaka hadi mwaka, na kuizoa ni kazi ya msaragambo, ambayo asiyeshiriki hana uso wa kudai zamu.

Katika miongo ya karibuni baadhi ya ndiva zimesakafiwa kwa saruji, nami naunga mkono, kwa sharti. Kwanza, kama mfereji unabaki wa udongo, sehemu kubwa ya faida huishia humo. Pili, na hili ndilo linaloniuma, maji yaliyokuwa yakipita usiku yalikuwa na mwenyewe huko chini. Kwa kuwa maji hayo hayafiki tena, Makanya leo wakulima wengi hutegemea mafuriko ya mvua yanayoshuka mtoni; wakiyakosa, hawavuni mahindi. Bwawa likipanuliwa huko juu, kinachonaswa zaidi ni mtiririko wa siku za kawaida, yaani zile ambazo tayari mto wao ni mkavu.

Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, unaleta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu majumbani. Mahindi ya Bangalala hayamo katika hesabu hiyo. Yataendelea kunywa kutoka ndiva. Basi kabla ya zege kumwagwa, kijito kipimwe usiku, mwezi wa Septemba, kinapokuwa chembamba kabisa, na wazee wa Makanya wawepo wakati wa kupima, si siku ya kukata utepe.