Gari Likilia Tik, Usiongeze Asidi

"Fundi, niongeze asidi kiasi gani?" Wiki iliyopita niliulizwa swali hili mara nne. Watatu walikuwa madereva wa njia ya Korogwe kwenda Handeni. Wa nne alipiga simu akiwa amekwama Segera, gari linalia tik-tik-tik, injini haizunguki. Jibu langu ni lile lile: hata tone usiongeze. Anayeuliza kiasi ameshaamua kwamba mgonjwa ni betri na dawa ni asidi, na hajapima chochote.

Hebu sikiliza ile tik. Ukizungusha ufunguo, kinachoanza kufanya kazi ni solenoidi, kile kikopo kilichobebwa mgongoni mwa stata. Chenyewe kinataka umeme kidogo tu ili kivute na kuunganisha shaba mbili, ndipo upite umeme wa kuzungusha injini, ambao kwa gari dogo ni ampea 100 hadi 200. Ukisikia tik, ujue solenoidi inavuta. Ule umeme mkubwa ndio haupiti. Huenda umekwamia ndani ya betri, kwenye vichwa vyake, kwenye nyaya, kwenye shaba za solenoidi au kwenye makaboni ya stata. Ni sehemu tano, na asidi haitibu hata moja.

Hata betri yenyewe haiitibu. Betri ikiwa na chaji, asidi imo kwenye maji. Kadiri inavyotumika, asidi inaingia ndani ya sahani za risasi na maji yanabaki mepesi. Mtu akipima maji hayo anatangaza kwamba asidi imekwisha. Haijaisha, imo ndani ya sahani, na ukichaji betri inarudi kwenye maji. Sasa wewe umemimina nyingine juu yake: ya zamani ikirudi inaikuta ya kwako, maji yanakuwa makali kupita kiasi na kuanza kuzila sahani. Kinachopotea kwa joto na kwa kuchaji ni maji, basi. Betri yenye vizibo ikipungua, inajazwa maji yaliyosafishwa hadi kwenye alama.

Najua kwa nini imani hii haifi. Asidi mpya hupandisha volti palepale, maana volti ya betri hufuata ukali wa maji yanayogusa sahani. Gari linawaka, dereva anafika Handeni, anawasimulia wenzake kijiweni. Siku chache baadaye tik imerudi, naye anaongeza tena.

Mzee mmoja wa Chanika aliniletea Probox yake ikivutwa kwa kamba. "Mwanangu, nimeiwekea dawa mara mbili, haisikii." Niliweka mita, mguu mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, nikamwomba azungushe ufunguo. Ilisoma volti 3, wakati hata nusu volti ni nyingi. Waya wa ethi ulikuwa umelegea pale unapofungwa kwenye injini, na chini ya nati kulikuwa na kutu ya kijani. Barabara za vumbi za kuingia vijijini zinalegeza nati hizo kila siku. Nilisugua, nikakaza, kazi ya dakika kumi. Kisha nikafungua vizibo vya betri: vyumba vyote sita, maji yalikuwa na rangi ya chai. Sahani zilikuwa zinamomonyoka. Betri iliyokuwa nzima aliiua kwa dawa, na dawa yenyewe ilibaki nusu kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini ya kiti anachokaa mjukuu wake. Nilimwomba anikabidhi chupa ile kabla hatujazungumza jambo lingine lolote.

Kwa hiyo, likilia tik, washa taa kubwa na uzungushe ufunguo. Taa zikififia kama mshumaa, shughulika na betri na vichwa vyake: fungua hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto yenye magadi bila kuyaruhusu kuingia ndani ya betri, kausha, kaza. Betri iliyolala usiku kucha ikisoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.0 ichajiwe. Gari likiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5, vinginevyo angalia oltaneta na mkanda wake. Ukibusti, chanya kwa chanya, na ile hasi ya mwisho ifunge kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Gari la gia za mkono unaweza kulisukuma ukiwa gia ya pili. La otomatiki usiwachoshe watu. Taa zisipofifia na ukasikia tik moja nzito, ethi na nyaya zikiwa safi, tatizo liko kwenye stata. Ukiigonga kidogo ikazunguka, mara nyingi makaboni yamekwisha. Nenda moja kwa moja kwa fundi na usizime njiani. Shaba na makaboni vinabadilishwa. Usikubali kuuziwa stata nzima kabla ya ile ya zamani kufunguliwa mezani ukiwa umesimama hapo unaona.