Je, Wajua? Thina na Hewa ya Bukoba

Je, wajua kwamba thina iliyofaa Dar es Salaam inaweza kuharibu kazi ya kupaka gari rangi Bukoba? Kanuni inajulikana: penye joto hutumika thina inayokauka polepole, rangi ipate kutandaa kabla ya kushika, penye ubaridi hutumika ya haraka, isichuruzike. Kwa kuwa Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na joto lake mara nyingi halifiki nyuzi 30, fundi ataona ya haraka ndiyo jibu. Hoja hiyo ina mashiko, ila imelisahau ziwa lililo kando ya mji na unyevu wake. Thina ikiruka kwa kasi hupoza bati, na mvua za Aprili zinapokolea, unyevu wa hewani hutua kama umande juu ya rangi mbichi. Rangi ya selulosi hupauka, ikawa nyeupe kama maziwa. Mtu atapinga kwamba ya polepole hudaka vumbi. Kweli, ndiyo maana siku za unyevu ya kati huwa salama zaidi. Na kabla ya kuchagua thina, kipimajoto kigusishwe bati lenyewe: lililolala nje asubuhi huwa baridi kuliko hewa ya gereji.