Somo la Ufundi: Kulinganisha Injini ya Mashua na Kutia Beringi ya Shafti

Leo ni zamu ya wenye mashua za mbao zilizofungwa injini ya dizeli ndani. Wenye injini za kupachika tezini wasikilize kwa kujifurahisha tu, maana taabu hii haiwahusu.

Mvuvi mmoja wa pwani alibadili beringi ya shafti mara tatu katika miezi minane. Kila mara fundi wake alilaumu duka lililouza beringi. Mara ya nne shafti ilitikisika hata pakingi ya glandi ikaachia, maji yakajaa chini ya injini, naye yumo baharini, kusi linavuma, vijana wanne wanateka maji kwa ndoo. Walifika salama. Chombo kilipokaguliwa, beringi hazikuwa na kosa lo lote. Injini ndiyo iliyokaa upande. Ilikuwa imefungwa mashua ikiwa juu ya magogo ufukweni, na hakuna aliyeipima tena baada ya kushushwa majini.

Sasa tuitazame beringi yenyewe. Ni bomba fupi la shaba lililo karibu na panga, ambalo wengine huliita rafadha. Ndani yake mna mpira wenye mifereji, na mafuta yake ni maji ya bahari: hupita katika mifereji, hulainisha mpira na kuusukumia mchanga nje. Husemwa kuwa mpira huu ulianzia mgodini, si baharini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Charles Sherwood, mhandisi wa migodi huko California, alitia kipande cha mpira mahali pa beringi iliyolika katika pampu, nacho kikadumu kuliko chuma. Basi usiipake grisi. Grisi hushika mchanga na kuziba mifereji.

Kujua kama imekwisha, pandisha chombo nchi kavu, shika panga, ulinyanyue na kulishusha. Shafti ya inchi 1 ikicheza zaidi ya 1/16 ya inchi, badili. Lakini usiitupe ile ya zamani kabla hujaichungulia. Iliyolika sawasawa pande zote imezeeka tu. Iliyolika upande mmoja kwa mbele, na upande wa pili kwa nyuma, inaishtaki injini.

Beringi mpya huingia kwa kusukumwa. Safisha tundu, ipake maji ya sabuni, uisukume kwa kipande cha mbao. Nyundo isiiguse shaba. Ikikataa, ilaze katika barafu ya samaki kwa saa kadhaa, itapungua kidogo. Zile skrubu za kuizuia zikae katika vishimo vilivyotobolewa kidogo kwenye shaba, zisiibane. Ukizikaza mno, shaba huingia ndani na mpira hukaba shafti. Ukimaliza, shafti izunguke kwa mkono.

Kisha ushushe chombo majini, na usubiri siku mbili au tatu. Mashua juu ya magogo hujipinda kwa uzito wake. Majini hubebwa kila mahali, na mbao hunywa maji na kuvimba. Tangi liwe na mafuta kama siku ya kazi.

Kumbuka kwamba shafti haisogezwi. Mahali pake pamekwisha amriwa na beringi, kwa hiyo injini ndiyo ifuatayo. Fungua bolti za flenji mbili, ya injini na ya shafti, uzitenganishe kidogo. Shafti isiyoshikwa hulala kwa uzito wake, na hapa wengi hudanganyika. Inyanyue hadi mwisho, ishushe hadi mwisho, uitegemeze kwa mbao katikati ya hapo.

Kwanza kingo za flenji zilingane: rula ya chuma ikilazwa juu na ubavuni isikute ngazi. Ndipo uzisogeze hadi zigusane, upime kwa fila, yale mabamba membamba ambayo fundi wa motokaa hupimia nafasi za valvu. Pima juu, chini, kushoto na kulia. Flenji ya inchi 4 hairuhusu tofauti ya zaidi ya sehemu 4 za elfu za inchi, yaani milimita 0.1. Nafasi ikiwa kubwa juu, nyanyua miguu ya mbele ya injini. Ikiwa kubwa kushoto, sukuma mbele ya injini kushoto. Mbele huufuata upande wenye nafasi.

Halafu zungusha flenji ya shafti nusu mzunguko, ya injini isitikisike, upime tena. Nafasi ikizunguka pamoja na shafti, kosa si la injini: shafti imepinda au flenji yake haikukatwa sawa, na dawa yake ni tanuni.

Miguu iinuliwe kwa nati zake, au kwa shimu za chuma. Kabari za mbao sizitaki kuzisikia. Huoza na kusagika. Kaza bolti za miguu, upime upya, maana kule kukaza tu kunatosha kuisogeza injini. Baada ya saa 10 za kazi, fungua flenji upime mara nyingine.

Juma lijalo tutaifungua glandi na kuibadili pakingi yake. Kwa herini.