Anataka Udaktari? Mpeleke Akashinde na Daktari Kwanza

Kabla wewe na mwenzi wako hamjaanza kuvunja kibubu kwa ajili ya "dokta wa familia", wiki mbili za kuangalia zinaweza kuwaambia mengi kuliko cheti cha matokeo.

Hebu niambie, kuna ukoo usiokuwa na "dokta wetu"? Mtoto akifaulu Baiolojia kidato cha pili tu, basi, mashangazi wameshamvalisha koti jeupe. Na kama wewe na mwenzi wako ndio mnaosifika kwa kuwa na ajira, mjue kabisa bili inakuja kwenu.

Kwetu ilikuja na begi lake. Tunaishi Igawa, wilayani Mbarali, kwenye barabara kuu ya TANZAM, na wifi yangu alihamia kwetu mara tu alipomaliza kidato cha nne. Mume wangu akataka tuanze akiba ya udaktari. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye kiwanja. Si kwamba simpendi binti, la hasha! Ila piga hesabu mwenyewe: kidato cha tano na sita miaka 2, digrii ya udaktari miaka 5, halafu mwaka 1 wa mafunzo kazini. Jumla 8. Hata mkopo wa Bodi ukipatikana, simu ya "kaka, nimekwama" haikomi.

Tulibishana wiki nzima. Mwisho nikamuuliza mwenyewe: "Wifi, umeshawahi kumwona daktari akifanya kazi kutwa nzima?" Akacheka. Hajawahi. Alichokijua ni zile dakika chache za kuandikiwa dawa, na tamthilia za kwenye runinga.

Utingo kwanza, usukani baadaye

Hapa Igawa malori yanapita usiku na mchana, ya kwenda Tunduma na ya kurudi Dar. Muulize dereva yeyote wa siku nyingi, atakwambia alianza utingo. Kabadili matairi mvuani, kalala barabarani, ndipo akagusa usukani. Fundi cherehani naye alianza kwa kutia vifungo. Udaktari, ambao ni roho za watu, tunauchagua kwa kuangalia alama za mtihani tu!

Marekani, mwanafunzi anayeomba chuo cha udaktari kwa kawaida anatarajiwa awe ameshashinda na daktari kazini. Wanafunzi wa udaktari wa Ulaya wao hupanda ndege kuja kukaa wiki kadhaa kwenye hospitali zetu, KCMC ya Moshi ikiwa mojawapo. Sasa binti wa Igawa anayehitaji nauli ya daladala tu, anashindwa nini?

Lini na wapi

Muda mzuri ni baada ya kidato cha nne. Mtihani unafanyika Novemba na kidato cha tano kinaanza Julai, kwa hiyo kuna miezi kibao ya kukaa nyumbani. Baada ya kidato cha sita nafasi ni finyu zaidi, maana tangu mwaka 2013 vijana wamekuwa wakiitwa JKT kwa mujibu wa sheria kabla ya chuo.

Usitegemee kukuta tangazo ukutani. Anayepata ni anayeomba. Na anza chini: zahanati au kituo cha afya cha jirani. Hapo kijana anaona malaria, mshono, mama mjamzito na mtoto wa chanjo ndani ya asubuhi moja. Kisha panda. Huku kwetu kuna hospitali ya wilaya Rujewa, hospitali ya misheni Chimala, na ukivuka kuingia Njombe, eneo lililokuwa mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, kuna Hospitali ya Kilutheri Ilembula. Rufaa ya Kanda Mbeya ni kubwa, lakini wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanajifunzia pale. Wako atachungulia kupitia mabega ya watu.

Barua na adabu

Aandike mwenyewe, kwa mkono wake. Barua iende kwa Mganga Mfawidhi, ipitie kwa mkuu wa shule au mtendaji wa kijiji. Itaje tarehe, muda (wiki 2 zinatosha), na iseme wazi kuwa anaomba kuangalia tu, si kazi wala posho. Sisi tulipokwenda mara ya kwanza, mahali fulani, tulijibiwa pale mapokezi kwamba "hapa si shule". Tulikuwa hata hatujaketi! Tukaenda kwingine, saa nane mchana foleni ikiwa imepungua, tukakubaliwa.

Akiingia, masharti ni haya: asiguse mgonjwa wala sindano. Mgonjwa aulizwe kwanza kama anaridhia, na akikataa, kijana atoke bila kununa. Simu ibaki kwenye mkoba, hakuna picha. Alichokiona kisifike kijiweni. Viatu viwe vya kufunika vidole. Aulizie pia chanjo ya homa ya ini. Na ikitokea bahati mbaya akachomwa na sindano iliyotumika, aseme papo hapo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72.

Siku ya tatu

Siku ya tatu wifi alirudi kimya. Kichanga kilikuwa kimefariki. Hakula. Mume wangu akasema aache, mimi nikasema aamue mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta anapiga pasi sketi yake.

Kuanzia hapo kaka yake aliacha kumwita "dokta" kwa utani, akawa anamuuliza siku yake ilikuwaje. Naye akatuletea habari ambayo hatukuitarajia: aliyeona wagonjwa wengi pale kituoni alikuwa tabibu, mwenye stashahada ya miaka 3. Unaingia kwa ufaulu wa kidato cha nne, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Basi akaenda kidato cha tano kusoma PCB, lakini njia ya pili anaijua, nasi tunaijua. Kiwanja tulinunua, kidogo kuliko nilivyotaka.

Nyinyi wawili

Msiamue kwa fahari ya ukoo wala kwa hasira ya bajeti. Kaeni na kijana baada ya wiki ya kwanza. Msimuulize "umependa?", maana atajibu mnachotaka kusikia. Muulizeni nini kilimchosha, nani alimsikitisha, na kama yuko tayari kurudi kesho. Mkishasikia majibu hayo, fungueni daftari la hesabu, pamoja.