SOSEJI: ZIPIKE MPAKA NDANI



Zamani soseji zilikuwa chakula cha mahoteli. Siku hizi zimefika vijijini. Tangu mwaka 2010 kisiwa chetu cha Pemba kinapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kwa hiyo maduka yanaweza kuweka friji, na mtoto akitumwa hurudi na soseji nne za futari. Je, tunajua kuzipika?

Soseji ni nyama ya ng'ombe au ya kuku iliyosagwa, ikatiwa chumvi na viungo, kisha ikajazwa ndani ya ngozi nyembamba. Vijidudu vya maradhi hukaa juu ya nyama. Kipande kizima kikipata moto, vijidudu hivyo hufa. Lakini nyama ikisagwa, vijidudu vya juu huingia mpaka kati. Kababu ni hivyo hivyo.

Wengine husema, "Soseji hizi zimekwisha kupikwa kiwandani." Ni kweli kwa nyingine, lakini hiyo si kinga. Mwaka 2017 na 2018, huko Afrika Kusini, watu zaidi ya 1,000 waliugua maradhi ya listeria. Zaidi ya 200 walikufa. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watoto wachanga wengi. Vijidudu vilipatikana katika nyama ya kusaga iliyopikwa kiwandani, ambayo watu huila bila ya kuipika tena. Baridi ya friji haiviui vijidudu hivi. Huendelea kukua humo polepole. Kinachoviua ni moto.

Pika hivi:

1. Osha mikono kwa sabuni. Soseji za barafu ziyeyushe ndani ya friji, si juani.

2. Tandaza makaa yawe na moto wa wastani. Moto mkali huunguza nje, na ndani hubaki mbichi.

3. Panga soseji katika kikaango. Tia maji yafike nusu ya soseji. Funika, uache yachemke polepole dakika 10. Zigeuze mara moja.

4. Funua, maji yakauke. Tia mafuta kijiko kimoja. Geuza mpaka ziive pande zote.

5. Kata iliyo nene kuliko zote. Kati pawe pa moto sana, patoke mvuke, na nyama iwe imeshikana. Usihukumu kwa rangi tu. Soseji nyingi hutiwa dawa ya kuhifadhi nyama, nazo hubaki nyekundu hata zikiiva.

6. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

Zikibaki, usiziache nje zaidi ya saa mbili. Kesho yake zipashe moto mpaka zitoe mvuke.

Mama mjamzito, mtoto mdogo na mzee wasile kamwe soseji baridi. Mama mjamzito anaweza kuona homa ndogo tu, kumbe mtoto aliye tumboni yumo hatarini. Akipata homa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtu anayeharisha damu naye aende mara moja, huku akinywa maji ya chumvi na sukari ya dawa.

Ndugu zangu, makaa ya dakika chache ni rahisi kuliko safari ya hospitali usiku. Kinga ni bora kuliko tiba.