Vichocheo na Plastiki Zinazooza

Plastiki nyingi zilizoenea duniani, kama vile polithini, haziozeshwi kwa urahisi na vijidudu, na kwa hiyo hudumu ardhini kwa miaka mingi. Miongoni mwa zile zinazoweza kuoza ni polilaktidi. Plastiki hii hutokana na asidi laktiki, yaani asidi ileile inayoyapa maziwa ya mgando ukali wake, nayo hupatikana kwa kuchachusha sukari ya mahindi au ya miwa.

Molekuli ya asidi laktiki ina maumbo mawili, yanayohusiana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Molekuli mbili zikiungana hufanya pete iitwayo laktidi. Kazi ya kichocheo ni kuifungua pete hiyo na kuiunga kwenye mnyororo. Kila pete huongeza viungo viwili, mithili ya shanga zinazotungwa uzini.

Mpangilio wa shanga hizo ndio unaoamua tabia ya plastiki. Mnyororo wenye shanga za kushoto tupu hufanya fuwele. Huwa mgumu, na huyeyuka karibu na nyuzi 180 za Selsiasi. Shanga zikichanganyika ovyo, fuwele hazifanyiki. Plastiki hiyo hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, lakini maji huipenya na kuivunja mapema zaidi.

Oktoati ya bati, kichocheo kinachotumika sana viwandani, haibagui shanga. Kwa hiyo wanakemia waliunda vichocheo vyenye atomu ya metali iliyozungukwa na molekuli ya umbo maalumu, mfano wa kiatu cha kulia kisichoukubali mguu wa kushoto. Mwaka 1996 Nicolas Spassky na wenzake, nchini Ufaransa, walionyesha kwamba kichocheo cha alumini cha namna hiyo huchagua pete za upande mmoja kutoka katika mchanganyiko. Mwaka 1999 Tina Ovitt na Geoffrey Coates, wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikitumia kichocheo cha jamii hiyo kwa pete zenye nusu ya kulia na nusu ya kushoto, wakapata mnyororo ambamo shanga hupokezana kwa zamu.

Hata hivyo, neno "kuoza" lisichukuliwe kijuujuu. Polilaktidi huvunjwa kwanza na maji, kisha vijidudu humalizia. Katika mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi, kazi hiyo huchukua wiki au miezi michache. Baharini huendelea polepole mno. Basi, kabla ya kuchagua kichocheo, sharti ijulikane kifaa kitatumikaje na kitaishia wapi.