Toro: Ufalme Uliokaa Kati ya Ngoma na Mkuki

Wengi wetu tuvaao sare tumepata kupelekwa Fort Portal kwa kazi, tukaiona milima ya Ruwenzori ikivuka mawingu, na juu ya kilima tukaiona Karuzika, jumba la Mukama wa Toro. Mji huo ulianza kama ngome ya askari, ukapewa jina la Sir Gerald Portal, mjumbe wa Uingereza aliyefika Uganda mwaka 1893. Tangu mwanzo wake, basi, habari za kiti cha Toro hazitengani na habari za watu wenye silaha.

(Kambini jina hili halikosi mzaha, maana kwa Kiswahili mtoro ni aliyekimbia kazi. Sisi tutasema Batoro, kama wenyewe wasemavyo.)

Hapo kale nchi hii ilikuwa jimbo la Bunyoro-Kitara, chini ya ukoo wa Babito. Desturi ya Bunyoro katika kurithi ilikuwa kali. Mtoto wa kwanza wa kiume hakukalia kiti. Yeye alipewa cheo cha Okwiri, mkuu wa wanaukoo wa kifalme. Ndugu waliosalia, mara nyingi, waliachiwa mikuki iamue. Mukama Kyebambe Nyamutukura alitawala hata akazeeka sana, na wanawe wakachoka kungoja. Yapata mwaka 1830 mmoja wao, Kaboyo, aliyekuwa kipenzi cha baba yake, alijitangaza kuwa mfalme wa Toro. Husimuliwa kwamba mzee hakutaka damu ya mwanawe imwagike, na kwa hiyo hakumfuatia hadi mwisho.

Lakini Kaboyo aliuacha ufalme wa baba yake, hakuiacha desturi yake. Alipokufa, wazao wake waligombea kiti vilevile, na nchi ikadhoofika. Huko Bunyoro akatawazwa Kabalega, aliyeunda jeshi la kudumu lililoitwa Abarusura, lenye bunduki na makamanda wa kuchaguliwa. Katika miaka ya 1870 jeshi hilo liliirudisha Toro mikononi mwa Bunyoro.

Mtoto mmoja wa kifalme, Kasagama, alitoroshwa na mama yake, Kahinju. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alimkuta huko Buddu, akamchukua, akaenda kumweka kitini. Kisha akavuka hadi upande wa magharibi wa Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, pamoja na wake na watoto wao maelfu, akawaweka katika ngome alizozijenga kati ya Toro na Bunyoro.

Hapa msomaji askari na asome taratibu. Wale waliopelekwa kumlinda Kasagama walikuwa hodari vitani, lakini hawakupewa posho ya kutosha wala mkubwa wa kuwaangalia kwa karibu. Wakajilipa wenyewe: mifugo, chakula na watu wa raia waliopaswa kulindwa. Portal alipopata habari hizo mwaka 1893 aliamuru waondolewe. Walipoondoka, majeshi ya Kabalega yakarudi, na Mukama akakimbilia milimani. Raia wa Toro waliteswa na mlinzi, kisha wakateswa kwa kukosa mlinzi. Kasagama alirudishwa tena kwa bunduki, akabatizwa Daudi mwaka 1896, akatia sahihi mkataba na Waingereza mwaka 1900. Kabalega alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa Shelisheli.

Kasagama alifariki mwaka 1928. Alifuatwa na mwanawe George Rukidi wa Tatu, aliyetawala hadi 1965. Katika siku zake Bakonzo na Baamba walikataa kutawaliwa na Toro, na mwaka 1962 wakatangaza Rwenzururu yao. Toro, iliyozaliwa kwa kujitenga, haikupendezwa na kujitenga kwa wengine. Damu nyingi ilimwagika milimani kabla ya mapatano ya mwaka 1982.

Katiba ya 1967 iliufuta ufalme wa Toro pamoja na nyingine. Uliporudishwa mwaka 1993, Patrick Olimi Kaboyo alikalia tena kiti cha baba yake, akafariki mwaka 1995. Mrithi wake, Oyo, alikuwa na umri wa miaka mitatu.

Usiku wa kutawazwa kwake, Septemba 1995, vita vilipiganwa mlangoni pa jumba la Karuzika, kati ya jeshi la Mukama na jeshi la mwanamfalme mwasi. Vilikuwa vita vya mchezo, kama mila inavyotaka, wala hakuna aliyeumia. Kisha mtoto alipewa kuipiga Nyalebe, ngoma takatifu iliyorithiwa kwa Bachwezi. Kabla hapajakucha aliingizwa ndani kuwa mtawala, akaandaliwa ugali wa ulezi.